Alama Nne Chumbani kwa Bibi

Mimi napenda mchoro msafi. Ni ugonjwa nilizaliwa nao; mama yangu kule Kiboriloni husema nilikuwa napanga hata maganda ya ndizi. Kwa hiyo mpima ardhi aliponitumia faili la kihamba kimoja cha Old Moshi, shamba la ukoo lenye nyumba ndani yake, nililifungua kwenye programu ninayochorea nyumba, nikalichukia papo hapo. Migomba, mibuni, mfongo ule wa kuletea maji kutoka mlimani, zizi, mistari ya mwinuko, vyote vimerundikana ukurasa mmoja.

Mwenye kazi alikuwa kiongozi wa wapanda mlima, aliyetaka kumjengea mama yake nyumba kabla ya masika. Kihambani nilikuwa nimefika mara moja tu. Siku hiyo ilinyesha, matope hayakunivutia, nikabaki sebuleni nikinywa mtori na kumuuliza bibi huyo anataka madirisha mangapi. Mengine, nilijiambia, nitayaona kwenye faili.

Katika programu ile, mchoro ulioletwa kutoka nje haufutwi ovyo. Unafichwa. Umegawanywa kwa leya, yaani matabaka, kila leya na jina lake, na kila mwonekano wa nyumba, uwe ramani ya sakafu, mkato unaoonyesha nyumba kama imepasuliwa, au picha ya ndani, una orodha yake ya vitu vya kuonyesha. Ukikificha kitu kwenye ramani, kwenye mkato bado kipo. Nikafungua orodha ya ramani, nikaanza kuondoa tiki: migomba, zizi, mibuni. Leya ya mwisho iliandikwa MASALE. Ndani yake kulikuwa na alama nne tu za kujumlisha, zimekaa mstatili usiozidi urefu wa mkono wangu.

Mgeni angeuliza. Mimi Mchagga sikuuliza. Masale ni mmea wa mpaka, kila mtoto wa mlimani anajua. Ndugu wakigawana kihamba hupanda masale katikati, na hakuna anayethubutu kuyang'oa. Nikasema haya ni mabaki ya mpaka wa zamani, nikaondoa tiki. Ukurasa ukawa mweupe na roho yangu ikatulia.

Chumba cha bibi nilikiweka upande wa juu, apate jua la asubuhi. Kwa kuwa pale pana mteremko, sakafu ilibidi ichimbwe ndani ya kilima. Mchana mmoja nikafungua picha ya ndani ya chumba hicho nione mwanga unavyoingia. Zile alama nne zilikuwemo. Zilining'inia hewani, juu kidogo ya magoti, pale hasa nilipoweka kitanda.

Sababu naijua, na siku ile pia niliijua. Mpima aliziweka kwenye kimo cha ardhi ya asili, nami nimeishusha sakafu. Na picha ile ilikuwa na orodha yake ambayo sikuwa nimeigusa. Hata hivyo nilisogeza kiti nyuma. Chumba kitupu, dirisha, kitanda, na vitu vinne vimekusanyika juu yake kama watu waliokuja kumwangalia mgonjwa. Nikazificha. Nikafungua mkato, zimo. Nikazificha tena. Mwishowe nikatengeneza kiolezo kimoja cha kuzizima kwenye mionekano yote kwa pamoja, nikafunga kompyuta kwa hasira ambayo sikujua namkasirikia nani.

Nilipeleka karatasi Old Moshi siku moja kabla ya mafundi kuanza kuchimba msingi. Kamba zilikuwa zimeshavutwa kwa vipimo nilivyowatumia kwa simu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nyumba yangu?"

Nikaitandaza mezani, mwanawe amekaa nasi. Michoro hakuijua. Aliuliza tu mlima uko upande gani wa karatasi, na mfongo unapita wapi. Nikamwonyesha. Akaigeuza karatasi mpaka ikaelekeana na mlima wenyewe, akaweka kidole kwenye mfongo, akakitembeza polepole huku midomo yake ikihesabu hatua. Kidole kikasimama katikati ya weupe, mahali pasipochorwa chochote. Mezani pale ni mimi peke yangu niliyejua nilichokificha hapo, na niliogopa.

"Hapa mmeweka nini?"

"Chumba chako, bibi."

"Na kitanda?"

"Hapo hapo."

Akakiinua kidole kwenye karatasi. "Kwa hiyo mnataka nimlalie."

"Umlalie nani, mama?" mwanawe akauliza. Mtu mzima yule, ana mvi, hakuwa anajua.

Bibi alieleza bila kupaza sauti. Mtoto wake wa kwanza aliishi siku tisa, akafa kabla ya kubatizwa. Mama mkwe akamzika migombani, akapanda masale manne, akamkataza kumtaja asije akakosa wengine. Akatii miaka yote, mpaka mpima alipofika na kumuuliza haya ni nini. "Nikamwambia ni masale ya mtoto wangu. Akaandika." Aliandika neno moja, na hilo moja ndilo nililolizima.

Tulitoka nje. Masale yalikuwepo, membamba, na kamba ya fundi ilipita juu yake, kigingi kimoja kimepigiliwa katikati. Kutoka mlango wa sebule ni hatua ishirini. Niliking'oa kile kigingi kwa mikono yangu, na aibu niliyoisikia sijapata kuisikia tena.

Nikachora upya. Nyumba ikashuka chini kidogo, chumba kikapungua upana, dirisha likatazama masale. Leya ya masale nikaiwasha kwenye kila mwonekano. Mchoro ulionekana mchafu, na nikauacha hivyo.

Kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale lililofungwa fundo, naye hana ruhusa ya kukataa kukusamehe. Mama yangu alinikatia moja, nikapanda nalo Old Moshi. Bibi aliliangalia lakini mikono yake haikutoka ndani ya kanga.

"Si mimi uliyetaka kunifunika na nyumba," alisema. "Mpelekee yeye mwenyewe."

Tukaingia migombani, yeye mbele na fimbo yake. Hapakuwa na upepo. Mfongo tu ulisikika. Nikaliweka jani katikati ya masale, nikabaki nimeinama.

"Mwamkie kwanza. Ni mkubwa wako huyo."

Nikapiga hesabu, kweli. Angekuwa rika la mama yangu.

"Shikamoo," nikasema.

Nilitaka kugeuka, bibi akainua mkono kunizuia. Aliegemea fimbo, ametega sikio upande wa ardhi. Nikasubiri naye.

"Haya," akasema, "ameitikia."