Mpishi Asiyekula Pilau Lake

Kuanzia Ukonga mpaka Pugu, ukitafuta mpishi wa shughuli utaelekezwa kwa Mauwa. Akikaanga vitunguu yeye, nyumba ya tatu wanaulizana nani anaoa. Ila alikuwa na tabia moja iliyowakera wenzake: hali chakula anachopika. Masinia yakishatengwa na watu wakanawa, Mauwa hujitia kazi uani, mara anasugua sufuria, mara anautafuta mwiko alioushika mkononi.

Sababu ilikuwa kiunoni. Tangu utotoni ana kisukari cha aina ya kwanza, kile ambacho mwili unaacha kabisa kutengeneza insulini. Kaka yake Twalib, aliyeko kazini Muscat, alimnunulia pampu, kidude kama pakiti ndogo ya sigara, chenye mrija mwembamba wa kupitisha dawa chini ya ngozi ya tumbo, usiku na mchana. Kila akitaka kula chakula cha wanga, lazima kwanza abonyeze dozi. Sasa mvaaji wa dera hana mkanda wala mfuko. Ili aifikie pampu yake ilimbidi apandishe nguo mpaka kiunoni, na mwanamke anayejiheshimu hafanyi hivyo mbele ya sinia la watu. Basi akawa anakula kwake, mlango umefungwa.

Penye wengi pana mengi. Siku moja alipokuwa akipalia makaa juu ya sufuria, dera lilinasa kwenye kuni, na Somoe, shoga yake wa kukata vitunguu, akaona kamba na kidude kiunoni. Laiti angeuliza. Somoe alijiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe: hirizi. Mpishi ana hirizi, na chakula anachopika hakigusi. Hapo hata asiyejua kujumlisha alijumlisha. Wiki haikwisha, mtaa mzima ukajua kwa nini pilau la Mauwa linanoga. Shughuli mbili zikampita, wakaitwa wapishi wengine, ambao wali wao sitausema. Mauwa aliumia sana, kwa kuwa kupika ndiko kulikomfanya ajione mtu kati ya watu, na aliona wazi kwamba shughuli ya tatu ikimpita, hakuna atakayemwita tena.

Katika hayo hayo, pampu nayo ikazeeka. Kioo kilififia, vitufe vikaanza kugoma. Twalib akasema achague mpya, yeye atalipa. Kule kliniki, muuguzi wake, Recho, akamwekea mbili mezani. Moja haikuwa na mrija. Ilikuwa kama nusu ya yai, ya kubandika mwilini na kuiongoza kwa simu. Nyingine ilikuwa na mrija kama ile ya zamani, ila kioo chake kikubwa na ina kimfuko cha kuvalia juu ya nguo.

Twalib alikuwa hewani, simu iko mezani. "Chukua ya kubandika, Mauwa. Hakuna atakayeiona. Si ndo ishu yako hiyo?"

"Ngoja kwanza, kaka," Recho akasema. "Dada Mauwa, hebu nionyeshe unavyofanyaga kazi."

Mauwa akainuka, akajifunga khanga kibwebwe, akashika mwiko wa hewani kwa mikono miwili. Moto huku mbele, moshi hapa, jasho kila mahali.

"Basi mkononi usibandike," Recho akasema. "Insulini na joto haziivi, na jasho litaibandua. Kaa nayo nyuma, karibu na kiuno. Nyuma hapo hata hii ndogo inakaa, na hata ile ya mrija. Dawa ni ile ile. Chaguo lako."

Mauwa aliishika ile ndogo, akaipenda. Aliigeuza geuza, kisha akairudisha mezani.

"Nipe yenye kimfuko," akasema. "Nikiificha tena, watasema nimebadilisha mganga."

Twalib alicheka hadi simu ikakatika.

Harusi iliyofuata ilikuwa Pugu. Mama wa bibi harusi hakujali maneno ya watu, au pengine aliyajali na akaitaka hiyo hirizi imfanyie kazi na yeye. Mauwa alifika amejifunga kibwebwe, na juu yake kimfuko chekundu kinachoonekana kutoka barabarani. Wanawake walikitazama, wakatazamana.

Pilau likaiva, masinia yakatengwa mkekani. Mauwa akanawa, akaenda kuketi kwenye sinia la Somoe. Akakivuta kimfuko mbele, akaitoa pampu, akampa.

"Shika, shoga. Haiumi."

Somoe aliipokea kwa ncha za vidole. "Ina taa," akasema.

"Ina na betri. Hiyo namba ni sukari yangu. Mie mwili wangu hautengenezi insulini, nikila wali bila hiyo naumwa kweli kweli. Ndo hirizi yenyewe hiyo."

"Mbona hukusema siku zote?"

"Mbona hukuuliza?"

Somoe akainamisha uso. Aliona aibu, na ilimstahili.

Shida ya sinia ni kwamba hujui fungu lako linaishia wapi. Mauwa alikuwa amejifunza kwake, akipima wali kwenye mizani, mpaka akajua kila tonge lake lina wanga kiasi gani. "Matonge kumi na mawili," akatangaza, akaichukua pampu, akabonyeza dozi. Wenzake wakalichukua jukumu hilo kwa moyo mmoja. Walihesabu kwa sauti, na la saba likazua ubishi, wengine wakidai ni tonge na wengine kwamba ni nusu, mpaka sinia la jirani likaombwa kuamua.

Somoe hakuhesabu. Alichambua kipande cha nyama kilichonona kuliko vyote, akakisogeza upande wa Mauwa.

"Hii nayo inahesabiwa?"

"Nyama haihesabiwi, haina wanga."

"Basi kula, shoga yangu. Nisamehe."

Mauwa akala. Miaka yote aliyopika, hakuwahi kulila pilau lake likiwa bado la moto.