Mkono wa Mchinjaji na Ubongo wa Kisogoni

Nilichoka na maneno ya watu wa mji wetu wa Bwera kabla sijachoka na ugonjwa wenyewe. Mume wangu ndiye aliyekuwa mchinjaji wa soko. Wakristo na Waislamu wote walikula nyama ya mkono wake. Siku moja fahali alimpiga pembe kisogoni, upande wa kulia. Kidonda kilipona, lakini alipoinuka kitandani akawa anapepesuka, anaangukia kulia, na ulimi mzito. Basi wakasema amezoea tonto, ile pombe ya ndizi. Wazee wa msikiti wakaja na adabu zao zote, wakamwambia mlevi hachinji, aweke kisu chini. Mtu ambaye hajawahi hata kunusa kibuyu cha pombe! Nilitamani kuwamwagia maji.

Tukapanda lori mpaka hospitali ya Kasese. Daktari akamwambia aguse pua yake, kisha kidole cha daktari. Mkono wa kushoto ulifika. Wa kulia ukatetemeka, ukapitiliza. Nikajitia ujuzi, nikasema basi ubaya uko kushoto, maana tuliambiwa ubongo ukiumia kushoto, kinachopooza ni kulia. Akatikisa kichwa, akachora kwenye karatasi. Kisogoni kuna ubongo mdogo, alisema, umekunjamana kama nguo isiyopigwa pasi. Ngozi yake ina matabaka matatu, na tabaka la katikati ni seli kubwa zilizopangwa mstari mmoja, kila moja na matawi yake. Njia hupanda kutoka kwenye misuli na masikio zikileta habari: mguu uko wapi, mkono umefika wapi. Kinachotoka kwenye ngozi ile kwenda kusahihisha mwendo hupitia seli hizo kubwa tu. Na ubongo huo hutawala upande wake wenyewe, kulia kwa kulia.

Nikauliza seli zilizoumia zitaota tena lini. Akasema zikifa hazioti.

Nilirudi na karatasi nikaitandaza mbele ya wazee. Waliona haya kwelikweli. Mmoja akasema, “Kumbe mutu iko mugonjwa,” akaomba radhi kwa niaba ya wote. Nikafurahi, mjinga mimi. Kisha wakaulizana kwa upole: mchinjaji hukata mara moja, mnyama asiteseke, mkono huu utakata vipi? Adhuhuri ile walimteua mwingine.

Nilimkuta mume wangu amekaa uani. Nikamwambia walau jina lake limesafishwa. Hakuniangalia.

“Mlevi huacha pombe akarudi kazini, mama watoto. Mimi niache nini?”