Chumba Nilichokipanga kwa Hasira

Shirika letu ni dogo: watu wanne na ofisi moja nyuma ya duka la pembejeo, Buseresere. Tunapigania watu wenye ualbino wapangishwe vyumba kama watu wengine. Mimi mwenyewe nina ualbino, kwa hiyo kazi yangu ni rahisi kuliko zote: naenda kukataliwa.

Mama mmoja kutoka Didia alikuja kwetu na binti yake mdogo, mwenye ualbino kama mimi. Alikuwa amepata meza ya kuuzia dagaa sokoni, ila mwenye nyumba aliyemwendea, alipomwona mtoto, alisema chumba kimeshapata mtu. Walikuwa wanalala sakafuni kwa ndugu yake, nyumba ambayo mlango wake ni pazia.

Nikaenda kwa mwenye nyumba huyo, mzee wa Kisukuma, kuomba chumba kilekile. Akaitazama kofia yangu, akaitazama mikono.

"Ng'wanawane," akaniita, yaani mwanangu, kwa huruma kabisa, "mimi sibagui mtu. Ila ukipatwa na jambo humu, polisi watamkamata nani? Si mimi? Na chumba chenyewe kimechukuliwa."

Robo saa baadaye akaingia mwenzangu wa ofisini, asiye na ualbino. Akaonyeshwa chumba, akaambiwa hata leo ahamie.

Nilifurahi kwamba tumemnasa, sitasema uongo. Tusi ningelimeza, huruma ile ndiyo iliyoniwasha. Nimefukuzwa na huruma za namna hiyo tangu nilipoanza kupanga Tinde.

Tukamwita kwa mtendaji wa kata. Mwenzangu alipomaliza kusimulia, mzee alikuwa anajifuta jasho kwa kofia yake. Akaandika kwa mkono wake kwamba hatamnyima mtu chumba kwa sababu ya ualbino, akaweka saini, akatoa ufunguo. Niliudaka nikampa yule mama.

"Hamia leo leo," nikamwambia. "Akuone kila akifungua dirisha. Akome!"

Akaurudisha ufunguo mezani.

"Dada, wewe unataka akome. Mimi nataka mwanangu alale."

Wiki iliyofuata tulimpatia chumba kwa mjane mmoja ambaye hakuuliza kitu. Nami ningejifunza hapo, kama ningekuwa mtu wa kujifunza. Ufunguo ule niliuchukua mimi. Mzee angesema nini, na wino wa saini yake haujakauka?

Huu ni mwezi wa nne niko kwake. Asubuhi nasubiri majirani wajae bombani, ndipo nampigia shikamoo ya kusikika hadi barabarani. Mzee gani atakataa shikamoo mbele za watu? Anaitikia marahaba kama anayemeza mwiba, na roho yangu kwatu.

Jua likizama najifungia kwa makomeo mawili, nakaa kitandani nikisikiliza kila anayepita uani. Usingizi siupati. Lakini sihami ng'o.