Siku Mama Aliponiacha Mkumbi

Harufu ya maganda ya kahawa yaliyoanza kuchacha hunirudisha Mkumbi popote nilipo, na kila mara huniletea kitu kilekile: kitasa cha pikapu kilichofungwa kwa waya.

Nilikuwa na miaka saba. Baba alikuwa amefariki, na Mama, Mnyasa wa Liuli, alipata kazi ya kupika katika shule ya bweni huko Songea, mahali ambapo hangeweza kukaa na mtoto. Akanipandisha milimani Mkumbi kwa Shangazi, dada yake Baba. Asubuhi aliyoondoka kulikuwa na ukungu. Nilikaza macho kwenye ule waya, ncha yake yenye kutu, tone la umande likining'inia. Hata leo ningeweza kuuchora. Uso wa Mama siuoni. Katika kumbukumbu yangu pikapu iliondoka, naye hakugeuka.

Watoto wa pale waliongea Kimatengo. Nikiomba maji kwa Kinyasa changu, walicheka mpaka wakakaa chini, basi nikajifunza kunyamaza. Jioni nilipanda juu ya shamba la ngoro, lile la vishimo vingi mteremkoni, kutafuta ziwa la kwetu Liuli, nikaona milima nyuma ya milima. Kilima kile kilikuwa kirefu ajabu. Nilipokipanda ukubwani nilifika juu kabla sijaanza kuhema.

Kila likizo Mama alikuja na usipa wa kukaanga, dagaa wa ziwani kwetu. Nilikula, nikamshukuru kama mtu anavyomshukuru mgeni.

Mwaka jana, tukichambua maharage na Shangazi, nikajikuta nasema juu ya asubuhi ile: hakugeuka.

Shangazi akaweka ungo chini. "Nani hakugeuka? Mama yako alisimamisha gari pale konani! Akarudi mbio, kiatu kikabaki kwenye tope. Akakubeba, analia, mpaka dereva naye akashuka."

"Na mimi?"

"Mkavu kama gogo. Macho kwenye gari tu."

Sikumbuki hata chembe. Nimesikia wataalamu wakieleza kwamba woga ukizidi, macho hung'ang'ania kitu kidogo, na akili hukitunza hicho kwa ukali wa ajabu. Yaliyo kando hupita kama hayakutokea. Lakini siku ile, kwenye jamvi la Shangazi, sikuwaza wataalamu. Niliwaza kile kiatu.

Niliteremka Liuli, anakoishi Mama sasa. Nilimkuta akigeuza usipa juani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona ghafla?"

Nikamuuliza juu ya siku ile. Mikono yake iliendelea na kazi.

"Nilijua umenikasirikia," alisema. "Nimekubeba, hunitazami. Nikasema basi, huyu hatanisamehe."

Nikakaa mchangani kando yake, nikaanza kugeuza samaki. Miaka yote ile nilijihesabu mtoto aliyeachwa bila kuangaliwa, kumbe asubuhi ile nilikuwa mikononi mwake, nimekumbatiwa, macho kwenye waya, na upweke wangu ulikuwa umeshaanza.