Hifadhi ya barabara ya mchepuko iliyoongezeka upana bila mtu kuipanua (Lushoto)

Wakuu, heshima zenu zote.

Naanza na wahusika ili msiwatafute huko mbele. Wa kwanza ni mimi, mpima ardhi mstaafu, niliyetoa amri ambayo sikuwa na mamlaka ya kuitoa. Wa pili ni ofisi niliyoitumikia, iliyotenga ardhi ya watu kisha ikaisahau. Wa tatu ni afisa aliyesaini notisi ya kumwondoa mjane katika nyumba ambayo haijawahi kuwa ndani ya hifadhi ya barabara.

Majina nimebadilisha na kijiji sikitaji. Mengine yote ni kama yalivyotokea, na daftari langu la uwandani liko hapa mezani ninapoandika.

Zaidi ya miaka ishirini iliyopita nilitumwa kupima njia ya barabara ya mchepuko itakayozunguka mji mmoja mdogo, upande wa kwenda Mlola. Malori ya mboga na mbao yalikuwa yakibanana katikati ya maduka. Wakubwa wakaona kwamba huenda siku moja barabara nyingine itahitajika, hivyo ardhi itengwe mapema kabla haijajaa nyumba.

Wazo hilo silipingi hata leo.

Upana ulikuwa mita thelathini. Tuliweka bikoni za zege, yaani yale mawe ya mipaka, pande zote mbili, nikaziandika namba kwa mkono wangu kwa rangi nyeusi. Kwenye faili nikaweka dokezo kwamba hifadhi ipitiwe upya kila baada ya miaka mitano, na ikionekana haihitajiki, wananchi warudishiwe maeneo yao.

Dokezo hilo halikufanyiwa kazi hata mara moja.

Siku ya kuondoka niliwakusanya wenye mashamba. Walikuwa na maswali mengi, nami nilikuwa na haraka ya kuteremka kabla ya mvua. Nikawaambia, “Bikoni ikipotea, aliye jirani nayo ndiye atakayejibu.”

(Kwa kumbukumbu: sheria inamwadhibu anayeng'oa bikoni kwa makusudi. Haimwadhibu mtu ambaye jiwe la mpakani kwake limesombwa na mvua. Nilijua hivyo nilipokuwa nikisema.)

Nikastaafu. Nikahamia Muheza. Nikasahau.

Mwaka huu mwenyekiti wa kitongoji kile alinipigia simu. Baada ya salamu akasema, “Bwana Ardhi, njoo uyaone mawe yako. Yamefika mlangoni kwa Mama Rehema.”

Nilidhani anatania.

Nilifika saa nne asubuhi, ukungu haujanyanyuka. Kitu cha kwanza kuona kilikuwa weupe. Bikoni zilijitokeza ndani ya ukungu moja baada ya nyingine, zimepakwa chokaa mbichi. Tangu nistaafu hakuna mtumishi aliyepelekwa kule kupaka chokaa.

Katikati palikuwa na majani mafupi tu. Hapakuwa na mgomba, mti, wala mbuzi aliyefungwa. Ardhi ya milimani mnaijua, hakuna kipande kinachoachwa bure. Lakini ule ukanda ulipita kati ya mashamba ya kabichi, ukapinda na mlima, ukaingia kwenye ukungu, mtupu kabisa.

Wanawake wawili wenye matenga ya karoti walitokea upande wa juu. Walipofika ukingoni wakasimama. Wakatazama kulia. Wakatazama kushoto. Kisha wakavuka upesi upesi, na walipofika ng'ambo wakarudia mwendo wao wa kawaida na mazungumzo yao.

Nikamuuliza mwenyekiti wanatazama nini.

“Barabara.”

“Barabara gani? Haipo.”

“Wewe mwenyewe ndiye uliyetuambia ipo, Bwana Ardhi. Sisi tunajihadhari.”

Akacheka. Lakini tulipovuka naye alitazama pande zote mbili.

Na mimi nilitazama, wakuu. Sikuwa nimekusudia.

Nikatoa utepe nipime. Mahali nilipoacha mita thelathini, sasa pana mita arobaini na nne. Nikarudia mara tatu. Mwenyekiti aliyekuwa ameshika ncha ya pili akaniuliza kama utepe umeharibika.

Nikainama kusoma namba kwenye bikoni ya karibu. Mwandiko ulikuwa wangu. Saba yangu huwa naikata kistari katikati, tangu shule, na saba ile ilikuwa na kistari. Lakini jiwe halikuwa langu. Zege langu lilikuwa na kokoto za mtoni. Lile lilikuwa la mchanga na saruji tu, limefinyangwa kwenye ndoo.

Yaani kulikuwa na jiwe nisilolitengeneza, mahali nisipoliweka, lenye mkono wangu.

Nilikaa chini kidogo. Baridi ya kule inaingia hata kwenye koti.

Aliyenieleza ni Mama Rehema mwenyewe, mjane wa Mzee Rajabu. Nilimkuta nje ya nyumba yake ya matofali, alama ya X nyekundu ukutani. Nikamwamkia shikamoo.

“Marahaba. Umekuja kuichukua barabara yako?”

“Nimekuja kutazama, mama.”

“Tazama basi. Tumeitunza. Hata mwenyewe usingeitunza hivi.”

Masika moja, udongo uliporomoka ukaenda na bikoni iliyokuwa jirani na shamba lao. Mzee Rajabu hakulala siku mbili kwa ajili ya ile kauli yangu. Akafyatua jiwe jingine, akanakili namba kwa jirani aliyekuwa na bikoni nzima, akabadilisha tarakimu ya mwisho tu. Hakuwa na hakika la kwanza lilikaa wapi. Ili asije kuambiwa ameiba ardhi ya serikali, akaliweka hatua chache ndani ya shamba lake.

Jirani wa ng'ambo akafanya vivyo hivyo kwake.

Milima ile huporomoka mara kwa mara. Kila jiwe lilipoondoka, lililofuata lilirudi nyuma kidogo. Watu walikuwa wakijinyang'anya ardhi wenyewe kwa hofu ya sentensi yangu moja, na kila mwaka kabla ya mfungo wanapaka chokaa ili pasiwe na lawama.

Kisha wakaja maafisa wapya na GPS. Wakachukua bikoni kama walivyozikuta, wakachora ramani mpya. Sebule ya Mama Rehema ikaangukia ndani ya hifadhi. Wakapiga X na kumpa siku thelathini. Fidia hakuna, kwa kuwa anahesabiwa kuwa mvamizi.

Nikamweleza kwamba nyumba yake haimo, haijawahi kuwamo, na ninao ushahidi. Hakufurahi. Alinitazama kama mtu anayehisi mtego.

“Kitanda nimeshahamishia jikoni,” akasema. “Nyumba nimewaachia. Sasa niambie ukweli, Bwana Ardhi. Hili jiwe nilisogeze mpaka wapi ndiyo mridhike?”

Aliuliza akiwa ameshika jembe. Alikuwa anangoja nimwonyeshe.

Siku iliyofuata nilikwenda ofisini na daftari langu. Afisa aliyesaini notisi ni kijana mwenye adabu, aliniamkia na kunipa kiti. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Mzee wangu, mfumo hausomi daftari. Unasoma bikoni.”

“Bikoni zimehama.”

Akanigeuzia kompyuta. Ilikuwa picha ya bikoni ya mlangoni kwa Mama Rehema. “Huu mwandiko si wako?”

Nikasema unafanana na wangu.

“Basi mzee, tunabishana nini?”

Nimefanya kazi ya ushahidi maisha yangu yote, na pale nilishindwa na saba yenye kistari. Nilipoomba faili la awali, masijala wakasema halionekani. Angalau maelezo yangu ya maandishi yaligongwa muhuri wa kupokelewa. Nakala ninayo.

Wakuu, somo nililolipata ni hili: mtumishi akimtisha raia ili amalize kazi mapema, raia anaweza kumtii kwa miaka yote ambayo mtumishi mwenyewe ameshasahau. Mliowahi kufanya kazi ya upimaji, au mnaoishi kando ya ardhi iliyotengwa kwa barabara ambayo haijaja, pimeni upya mlipo, kisha mtueleze hapa mlichokuta.

Kwa ofisi husika, ambayo najua inasoma jukwaa hili, nadai yafuatayo rasmi. Hifadhi ile ipimwe upya kwa vipimo vya awali, nami nikiwepo. Itamkwe kwa maandishi kama barabara bado inakusudiwa, na kama haikusudiwi, wananchi warudishiwe ardhi yao yote. Atajwe aliyekuwa na dhamana ya kuipitia upya na hakuipitia. Nami niitwe, nihojiwe, na jina langu kamili liingizwe kwenye kumbukumbu kwa kauli niliyoitoa.

Na mpaka hayo yatakapojibiwa kwa barua yenye saini na muhuri, ukuta wa Mama Rehema usiguswe.