Siku Tatu za Mbarara

Godeberthe aliingia Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda, kutoka Burundi akiwa na watoto wawili na diploma ya ufundi wa kompyuta ambayo hakuna ofisi iliyotaka kuisoma. Leo ndiye mtunzaji wa kompyuta kumi na tisa za kituo cha mafunzo, hapa kwenye mtaa wa kambi uitwao Base Camp. Wageni wakija, yeye hutambulishwa kwao kama mama wa usafi anayejuajua mashine.

Kompyuta hizo hupokea maagizo kutoka seva ya ofisi kuu ya shirika linaloendesha kituo, mjini Mbarara. Msimamizi wa seva hiyo, Bwana Mugarura, aliandika agizo moja kwa vituo vyote: kompyuta isiyowasiliana na seva kwa siku tatu ihesabiwe imeibwa, na ijifunge. Bila shaka alipowaza wizi aliwaza wakimbizi. Mvua hakuiwaza. Umeme wetu ni wa jua. Wiki ya mawingu hatuwashi hata taa. Mwezi Machi mashine zote zilijifunga, na bwana mkubwa akachukua siku tisa kututumia namba ya kuzifungulia, ambayo ni moja kwa shirika zima.

Godeberthe hakungoja kuaibishwa tena. Programu ileile huruhusu kila kituo kuwa na faili yake ya mipangilio, na kompyuta huitii hiyo kuliko agizo la jumla. Akaandika humo: Nakivale, siku kumi na nne.

Mugarura alipogundua, alipiga simu. Nilikuwapo, kwani nafundisha katika chumba hichohicho.

"Wewe mama, nani alikupa ruhusa? Futa hiyo kitu! Sheria iko moja, Mbarara na huko kambini."

"Shefu, huku fasi yetu jua likikosa, mashine zinalala. Hakuna aliyeziiba."

"Kwani jua ndio bosi yako? Jumanne baada ya Pasaka nakuja kuangalia. Nikikuta hiyo faili, kazi yako imeisha."

Jumanne hiyohiyo wanafunzi wetu walikuwa na mtihani wa cheti. Godeberthe akiifuta faili, mvua ingewafungia mashine. Akiiacha, angepoteza kazi.

"Wamalize mtihani kwanza," aliniambia. "Kufukuzwa hakuna foleni."

Mvua ilianza Alhamisi kabla ya Pasaka, ikanyesha hadi Jumatatu. Jumanne jua likatoka, na mashine zote kumi na tisa zikawaka bila kinyongo.

Na Mbarara? Kwa kubana matumizi wakati wa sikukuu, ofisi kuu ilizima umeme wote toka Alhamisi jioni, seva ikiwamo. Wasomi wa Mbarara waliporudi Jumanne, walikuta kompyuta zao zimeamua kwamba zimeibwa, pamoja na ya Mugarura, ambamo alikuwa ameihifadhi namba ya kufungulia. Safari ya ukaguzi ikafa hapohapo.

Simu ya Godeberthe ililia saa nne.

"Mama Godeberthe, habari ya Pasaka? Ile namba niliyokutumia Machi, bado unayo?"

"Ninayo, shefu. Niliiandika ndani ya ile faili uliyoniambia nifute."



"Basi nisomee, mama. Tafadhali."

"Piga tena saa saba, shefu," alinong'ona. "Wanafunzi wako kwenye mtihani, na humu haturuhusu kuongea."