Mwenye nyumba alikuja kubomoa, akaishia kula bukari: kesi ya wazee wawili wa Bel-Air

Wakuu, poleni na majukumu. Dada yenu nawaandikia kutoka Lubumbashi, huku Haut-Katanga, Kongo. Muda mrefu nasoma nyuzi zenu kimyakimya, nacheka, wakati mwingine nalia, naondoka bila kuacha hata like. Leo nimeona na mimi nilete changu.

Hii siyo chai. Nilikuwepo, nimeona kwa macho yangu. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Halafu mnisamehe Kiswahili. Huku kwetu tunasema "muntu" na "bantu", na kila kitu "iko". Nimejaribu kukinyoosha, ila watu wakianza kuongea nitawaacha waongee kwa lugha yao.

Kazi yangu ni kuratibu. Kuna vikundi vidogo vya watu wanaojitolea kusaidia wapangaji wasitupwe nje. Kimoja kiko hapa Lubumbashi, kingine Kasumbalesa mpakani na Zambia, kingine Mitwaba, mbali kaskazini mwa mkoa. Mimi ndiye ninayeviunganisha. Mpangaji akitishiwa, nakwenda kukaa na mwenye nyumba, tunaongea. Ikishindikana, napiga simu huku na kule: nani ana chumba, nani ana ndugu, lori gani linapita njia ile.

Ofisi hakuna. Nina simu na nina miguu.

Watu hudhani kazi hii ni kelele na mahakama. Kelele zipo, sikatai. Ila sehemu kubwa ni kukaa kwenye kiti cha plastiki uani kwa watu, unasikiliza mtu anayerudia jambo lilelile mpaka moyo wake utulie.

Sasa basi.

Mkazi mmoja wa Bel-Air, mtaa wa hapahapa Lubumbashi, alinipigia simu asubuhi. Akasema kwenye parcelle ya pili kutoka kwake, yaani kiwanja chenye nyumba kubwa mbele na vyumba vya kupangisha nyuma, kuna wazee wawili, na mwenye nyumba amesema anakuja na waashi kutoa mabati.

Mnaelewa maana yake. Huku mtu akitaka mpangaji atoke haraka, hahangaiki kumsukuma. Anatoa mlango, au anatoa paa. Utakaa humo na nani?

Nilikwenda.

Mzee alikuwa anaitwa Papa Donat. Wazazi wake walitoka Kasai, yeye alizaliwa hapahapa Lubumbashi. Maisha yake yote ametengeneza cherehani za watu. Mkewe, Mama Thérèse, ni wa Mitwaba. Alikuja mjini akiwa msichana, kwa mjomba wake aliyekuwa anafanya kazi reli, akakutana na fundi cherehani, wakaoana. Walipata mtoto mmoja, Didier. Didier alifariki kwenye ajali ya gari akiwa kijana.

Kwenye vile vyumba viwili vya nyuma walikuwa wamekaa tangu Didier anatambaa.

Nilimkuta Papa Donat anamchana mkewe nywele. Amemkalisha kwenye mkeka, yeye nyuma kwenye kigoda, anachana polepole kama mtu anayegusa kidonda. Hakuacha kuchana aliponisalimia. Akaniambia tu nikae.

"Mama anasahabu," akaniambia kwa sauti ya chini. "Anasahabu bintu. Na bantu. Mimi bado ananijua."

Akapitisha chanuo tena.

"Siku zingine."

Wakuu, hapo ndipo nilipoelewa uzito wa ile kesi. Mama Thérèse alikuwa anapoteza kumbukumbu. Jina la mwezi hajui, jana yake haipo. Lakini mle uani alikuwa anakwenda mwenyewe bombani, anajua jiko liko wapi, anajua kona yenye kivuli. Miguu yake ilikuwa inakumbuka. Ukimtoa pale ukampeleka chumba kingine kata nyingine, umemzima taa zote.

Basi nikawa nimeshaamua kichwani: hawa hawatoki.

Mwenye nyumba akafika mchana na waashi na ngazi. Niliwaza nitakutana na mtu mkali wa miwani nyeusi. Akashuka kijana wa kawaida, shati limelowa jasho, uso umechoka. Jina lake Serge. Baba yake ndiye aliyekuwa bailleur, yaani mwenye nyumba wa zamani, na alikuwa amefariki. Parcelle ikabaki kwa watoto, na Serge ndiye mkubwa.

Nikajitambulisha. Akaguna.

"Yaya, mi siko mubaya," akaniambia; yaya kwetu ni dada mkubwa. "Angalia ule ukuta. Unapasuka. Mvua ikikuja utabaangukia, na bantu watasema ni Serge njo aliua bazee."

Nikaangalia. Ukuta ulikuwa na ufa wa kupitisha mkono. Hakuwa anadanganya.

"Lakini sheria inataka uwape muda," nikamwambia. "Kutoa mabati juu ya vichwa vya watu siyo kuwapa muda."

"Nilibaambia zamani. Papa anasema ndiyo, ndiyo, na hatoki. Na balongo yangu, bandugu ya damu, kila siku wananipigia simu, tujenge lini, tujenge lini. Nifanye nini?"

Sauti zikaanza kupanda, yake na yangu. Waashi wakawa wameshaegemeza ngazi ukutani. Mmoja akaanza kupanda. Papa Donat amesimama mlangoni, mikono pembeni.

Hapo Mama Thérèse akatoka ndani.

Akapita katikati yetu kana kwamba hatupo. Akaenda moja kwa moja kwa Serge, akamshika mashavu kwa mikono miwili.

"Didier. Mutoto yangu. Ulikula?"

Yule mwashi kwenye ngazi akasimama palepale.

Serge akanitazama mimi, akamtazama Papa Donat. Nilimwona Papa Donat anafungua mdomo amsahihishe mkewe, halafu akaufunga.

"Nilikula, mama," Serge akasema.

"Unanidanganya. Angalia vile uko mukonda. Ingia, bukari iko."

Bukari ni ugali wetu, kwa wale wa mbali.

Na Serge akaingia. Naapa. Akainama kwenye mlango ule mfupi, akaingia. Akanawa mikono. Mama Thérèse akamwekea bukari na sombe, yale majani ya muhogo, akakaa mbele yake anamwangalia anavyomega. Kila akiacha kumega, mama anasukuma sahani karibu. "Kula. Kula, mutoto."

Sisi tulibaki nje, mimi, Papa Donat na waashi. Yule wa kwenye ngazi akashuka taratibu, akakaa chini, akavua kofia.

Nimekaa kwenye mikutano mingi ya usuluhishi. Sijawahi kuona mmoja ulioendeshwa hivyo.

Serge alipotoka, macho yalikuwa mekundu. Hakuniambia habari za Mama Thérèse. Akasema tu, akiangalia pembeni, "Wangoje mpaka mvua ikaribie. Huu ukuta nitaushikilia na miti. Lakini yaya, mvua ikikaribia, itabidi watoke. Kweli itabidi."

Na akawaambia waashi walete miti ya kushikilia ukuta. Mchana uleule wakaifunga.

Nikarudi nyumbani na furaha. Nikawapigia wenzangu wa Kasumbalesa na Mitwaba kuwaambia tumepata muda. Kesho yake nikaanza kutafuta chumba palepale Bel-Air, chenye ua unaofanana na ule, bomba upande uleule ikiwezekana. Msicheke. Nilizunguka kweli nikitafuta bomba lililo upande wa kushoto.

Nikakipata. Chumba kizuri, majirani watulivu, mwenye nyumba mama mmoja wa kanisa. Nikaenda mbio kumwambia Papa Donat.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akanishukuru sana. Halafu akasema, "Mutoto yangu, kaa kidogo. Ungoje jua ishuke."

Nikakaa. Tukapiga stori za cherehani.

Jua lilipoanza kushuka, Mama Thérèse akaingia ndani, akatoka na kitenge amefungia vitu vyake. Sufuria moja, kanga, rozari. Akasimama mbele ya mumewe.

"Twende kwetu. Giza inakuja, mama atanigombeza."

"Tuko kwetu, Thérèse," Papa Donat akamwambia kwa upole.

Akatazama ukuta, mti, bomba. Akatikisa kichwa. "Hapana. Hapa si kwetu."

Akaanza kulia, kilio cha mtoto aliyepotea sokoni. Papa Donat akamkumbatia, akamzungusha uani mara kadhaa kama wanatembea kwenda mahali, mpaka akachoka, wakarudi mlangoni. Akamwambia, "Haya, tumefika." Mama akaingia.

"Kila siku," mzee akaniambia aliporudi kukaa. "Anaomba Mitwaba. Na mimi kila siku ninamuzungusha."

Nikamuuliza mbona hakuwahi kusema.

"Mulikuwa munanipigania nibaki. Ningesema nini? Na yule kijana alikuwa ananisukuma. Muntu akikusukuma, unashikilia mulango. Huwezi kufikiri kama mulango ndio unautaka."

Wakuu, mzee huyu miaka ile watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa huku Katanga, naye aliondolewa. Usiku mmoja, bila kuchagua cha kubeba, amemshika mkewe mkono. Baadaye wakarudi. Nilijua hilo kwa majirani, yeye hakuwahi kulitaja. Siku hiyo akalitaja, mara moja tu.

"Mi nilifukuzwaka. Ya pili sitaki. Lakini sasa hakuna mwenye ananifukuza, kijana amenipa muda. Sasa ninaweza kuondoka mimi mwenyewe."

Yaani mtu aliyezaliwa Lubumbashi, asiyejua hata Kiluba cha kule, ambaye wateja wake wote na kaburi la mwanawe viko hapa, alitaka kwenda Mitwaba. Kwa sababu mkewe jioni analia.

Nilimpigia Fidèle, anayeongoza kikundi chetu cha Mitwaba. Yeye ni mkulima na katekista. Kumbe kazi yote niliyokuwa naielewa kama kuzuia watu wasihame, siku hiyo ikawa kutafuta njia ya kuhama. Fidèle akaulizia parokiani, akaulizia sokoni, mpaka akampata mdogo wake Mama Thérèse, anaitwa Mama Ngoie. Mjane, analima mahindi na mihogo, ana chumba kitupu.

Akanipa nizungumze naye kwa simu. Mama Ngoie hakuuliza wanakuja na nini. Aliuliza kitu kimoja.

"Bado anaimbaka?"

Nikamwuliza Papa Donat. Akatabasamu. "Akikoroga bukari, ndiyo."

Waliondoka kiangazi, barabara ikiwa kavu. Serge alikuja na gari la rafiki yake kuwafikisha wanakopakilia lori la Mitwaba. Alibeba mwenyewe cherehani ya mzee, hakutaka mtu mwingine aishike. Mama Thérèse akamwambia, "Didier, usichelewe kurudi." Akajibu, "Sitachelewa, mama."

Papa Donat alifunga mlango kwa mkono wake, akampa Serge ufunguo. Wakashikana mikono muda mrefu. Mimi nilijifanya nahesabu mizigo.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilikuwa sawa. Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu. Fidèle aliniambia Mama Thérèse alimkataa mdogo wake kabisa, alimtafuta msichana mdogo, akaletewa mwanamke mwenye mvi. Alilia. Papa Donat naye alipata homa, nikaanza kujiuliza kama tumefanya vema.

Halafu siku moja wakiwa wanatwanga, Mama Ngoie akaanza kuimba wimbo wa kutwangia wa kwao. Mama Thérèse akaitikia. Hakukosea hata neno moja. Tangu hapo anamwita kwa jina la utotoni.

Majuzi Papa Donat alinipigia. Mtandao wa kule unakatikakatika, ila nilimsikia anacheka. Anatengeneza cherehani za washonaji wa sokoni, sijui wanamlipa kuku au nini. Nikamuuliza Mama anaendeleaje.

"Mutoto yangu, jana nilipotea. Nilienda mutoni, sikujua njia ya kurudi. Lugha yao sijui, siwezi kuuliza vizuri. Nikakaa juu ya jiwe. Na nani anakuja kunitafuta? Thérèse. Ananishika mukono, ananiambia, 'We mugeni, njoo, kwetu ni huku.'"

Mtandao ukakwaruza. Nilidhani simu imekatika.

"Sijui kama alijua ni mimi," akasema. "Lakini alinipeleka nyumbani."

Nilishindwa kufanya kazi siku ile, wakuu.

Nilichojifunza ni hiki. Zamani nilipima kazi yetu kwa waliobaki: aliyebaki tumemlinda, aliyehama tumeshindwa. Sasa nauliza swali jingine, kama mtu alipata muda wa kutulia na kuamua. Papa Donat na ukuta wake wenye ufa angeondoka vyovyote vile. Lakini angeondoka mabati yakianguka, angekuwa mtu aliyefukuzwa mara mbili. Aliondoka akikabidhi ufunguo kwa mkono wake, akiwa mume anayempeleka mkewe kwao.

Na kwa wenye nyumba mliomo humu, najua mpo: miti michache ya kushikilia ukuta na miezi kidogo vilitosha. Serge ameshaanza kujenga, hajapoteza chochote.

Haya, uwanja ni wenu. Waliowahi kuambiwa wahame ghafla, mlifanyaje? Wenye nyumba, semeni na nyinyi upande wenu, hapa hatumtukani mtu. Na mwenye mzazi anayesahau, tafadhali niambie jioni huwa unamjibu nini akisema anataka kwao. Nina wapangaji wengine wa namna hiyo, na jibu bado silijui.